Sifa za Mtu wa Wavuni

Katika michezo yote iliyoletwa nchini mwetu na mabwana wa klabu za Nairobi, ikabaki baada ya wenyewe kwenda zao, sijui mmoja uliodhulumiwa sifa zake kama tenisi ya wanaume wachezao wawili kwa wawili. Katika mashindano ya kulipwa aghalabu hutengewa viwanja vya pembeni, hutazamwa na watu wanaopitisha wakati wakingojea mchezo wa mmoja mmoja, na fungu lake la fedha ni dogo. Ilhali kwa rai yangu ustadi uliomo ndani yake ni mpana zaidi, ila haumpendezi mtazamaji mwenye haraka.

Mimi huutazama kwa runinga hapa Kulamawe, katika kaunti ya Isiolo, penye ngamia na vumbi la njia ya Garba Tulla, na wala sijihesabu kuwa nimepunjwa. Kwani kamera iliyowekwa juu, nyuma ya kiwanja, hutuonyesha wachezaji wote wanne kwa lahadha moja, na mchezo huu usipowaona wanne pamoja hujauona.

Tuanze na ardhi yenyewe. Urefu wa kiwanja ni mita 23.77, wacheze wawili au wanne. Upana wa mchezo wa mmoja mmoja ni mita 8.23, na wawili wawili wanapoingia huongezewa ukanda wa mita 1.37 kila upande, ukawa mita 10.97. Piga hesabu: watu wamezidi maradufu, na ardhi imezidi kwa theluthi tu. Kwa hiyo ile nafasi tupu ambayo mchezaji wa peke yake huitafuta na kuupeleka mpira huko, hapa haipo ikingoja; sharti ifanywe, na afanyaye kazi hiyo mara nyingi si yule aliyeushika mpira. Wavu nao una siri yake, kwani kwenye nguzo umeinuka mita 1.07 na katikati umeshuka hadi sentimita 91.4, basi njia iliyo salama kwa mpira ni ile ya katikati, na ndiyo hiyo hiyo inayowafitinisha wenzi wawili wasiozoeana, kila mmoja akidhani ni haki ya mwenziwe kuupiga.

Sasa mtazame mtu wa wavuni. Mwenziwe yuko nyuma, tayari kuanzisha mpira; yeye ameinama mbele, amewapa wapinzani uso, na mkono wake mmoja ameuficha nyuma ya mgongo, ambapo kwa vidole humwarifu mwenziwe kama atavuka upande wa pili au atakaa pale pale. Pengine huchutama katikati kabisa, mpira wa mwenziwe ukapita juu ya kichwa chake kwa kasi ya kutisha, naye hageuki nyuma hata mara moja. Na mpokeaji, asiyejua ataibukia kulia au kushoto, hana budi kuchagua kabla ya kuona. Hapo mtu wa wavuni huwa amekwisha kufanya kazi yake. Akitikisa bega tu, mpokeaji huingiwa na wasiwasi, huupiga mpira pembeni zaidi ya alivyokusudia, ukatoka nje ya mstari kwa kadiri ya unyayo. Na karani wa mchezo huandika kosa la mpokeaji, wala haandiki neno juu ya aliyelisababisha. Waborana wanaopokezana ndoo kutoka katika kisima kirefu, huku wakiimba, hawamsifu aliye juu peke yake kwa kuwa ndiye amwagaye maji birikani. Lakini hesabu za tenisi bado hazijapata insafu hiyo.

Kenya tulimpata fundi wa kazi hii, Paul Wekesa, ambaye hutajwa zaidi kwa kuwa mwaka 1995 alifika nafasi ya 100 ya ulimwengu katika mchezo wa mmoja mmoja. Hilo ni jambo kubwa, wala silipunguzi. Ila mataji aliyoyatwaa katika mzunguko mkuu wa wanaume ni ya wawili wawili, na mojawapo ni la Seoul, mwaka 1989, alipocheza na Mmarekani Scott Davis. Mtu wa Nairobi na mtu wa Marekani, katika mji wa Korea, wakiaminiana kwa ishara za vidole! Nitoke kidogo katika habari za wanaume niseme kwamba Angella Okutoyi naye, alipotwaa taji la wasichana la Wimbledon mwaka 2022, hakulitwaa peke yake, bali pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

Wapo waliopata bahati ya kuzaliwa na wenzi wao, kama pacha Bob na Mike Bryan, walioacha mchezo mwaka 2020 wakiwa na mataji 119 ya pamoja. Bob hutumia mkono wa kushoto, Mike wa kulia, na faida yake ni ya kiajabu katika nchi za jua kama zetu: kila mmoja hurusha mpira juu upande tofauti, basi hugawana ncha za kiwanja, kila mtu akaanzishia pale ambapo jua halimchomi macho.

Mwaka 2006 wakuu wa mzunguko wa wanaume waliufupisha mchezo huu, wakaondoa seti ya tatu, mahali pake wakaweka mbio za pointi 10, na wakaamuru kwamba wakifungana arobaini kwa arobaini ichezwe pointi moja ya kukata shauri. Mimi sikupendezwa, kwa sababu ustadi wa kuwasoma wapinzani huhitaji wasaa. Hata hivyo, katika pointi ile moja wapokeaji wamepewa haki ya kuchagua ni nani kati yao atakayepokea, na ule mnong'ono wao kabla ya kuchagua hunipendeza kuliko mapigo mengi.

Ikiwa siku moja shule ya hapa Kulamawe itajaaliwa kiwanja, hata cha murram kilichoshindiliwa na wavu wa kamba, ningewasihi wenye kukipima wapige kwanza chokaa ya mistari ya nje, ile ya mita 10.97. Mistari ya ndani inaweza kungoja chokaa nyingine ikipatikana. Kwa watoto wengi na raketi chache, wanne ndani ya kiwanja ni heri kuliko wawili, na yule mfupi asiye na nguvu za kupiga mpira mbali tutamsimamisha wavuni.