Sauti ya Pili

Kigoma mjini kwaya hazikosekani. Kuna za parokia, za Wapentekoste, za Waanglikana, za Wasabato, kuna za shule, na kila moja ina watu wanaoapa kuwa ndiyo bora. Wengi wao huhukumu kwa macho: vitenge vimelingana, hatua zinakwenda pamoja, mwalimu anarusha mikono hadi jasho linamtoka. Mimi namshauri anayetaka kuijua kazi ya mwalimu afumbe macho na aitafute sauti ya pili.

Sauti ya kwanza ndiyo iliyobeba wimbo. Hata aliyechelewa mazoezi huidaka. Besi nayo ina mwendo wake huko chini, na wanaume huiimba kwa raha. Sauti ya pili haina starehe hiyo. Hukaa juu ya nota mbili tatu, beti baada ya beti, na anayezubaa kidogo tu huvutwa na jirani zake wa sauti ya kwanza. Haikai kichwani ila kwa kufundishwa. Basi ukisikia akina mama wa sauti ya pili wanaingia bila kupapasa, wanavuta pumzi mahali pamoja na kulifunga neno pamoja, jua kuna mtu aliyekaa nao peke yao jioni nyingi huku wengine wakisubiri nje na kunung'unika. Wakipotea, usiwalaumu wao.

Siku ya kusikiliza nayo ina maana. Krismasi na Pasaka kila kwaya hung'aa. Kwa Wakatoliki, nenda wakati wa Kwaresima, na hasa Ijumaa Kuu, kinanda kinaponyamaza. Vinanda vya umeme, pamoja na midundo iliyomo ndani yake, vimeharibu masikio yetu kuliko tunavyokubali: kwaya inaporomoka na hakuna anayejua, kwa kuwa spika inaifunika. Bila kinanda, kwaya isiyo na pumzi huanza juu na kumaliza chini. Ukiruhusiwa kukaa kwenye mazoezi, waache waimbe wimbo mzima mikono mitupu, kisha mpiga kinanda aguse nota ya mwisho, na masikio yako yatakuambia wameshuka kiasi gani. Mwalimu mzuri hujua pia kuuteremsha wimbo kabla haujateremka wenyewe. Katika misa ya alfajiri, koo zikiwa bado zimelala, hauanzishi kwenye ufunguo ulioandikwa kwenye karatasi kwa sababu tu umeandikwa.

Ufukweni, tazama mwezi kwanza. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa hupumzika. Mwalimu wa Kibirizi au Katonga mwenye wavuvi kwenye besi yake akipanga mazoezi kwa kalenda ya ukutani peke yake, atalalamika mwaka mzima kwamba watu hawajitumi. Anayeijua kazi hufundisha wimbo mpya wavuvi wakiwa nchi kavu, na kwa wiki za giza huweka nyimbo zinazosimama hata kwa besi mbili. Ukifika wiki ya giza ukakuta Jumapili imepita salama, hapo pana mwalimu.

Shuleni mtihani ni mwingine. Kila Novemba kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa na kuondoka na nusu ya kwaya, na wavulana waliobaki sauti zinawavunjika katikati ya muhula. Usiipime kwaya ya shule siku ya mashindano ya UMISSETA, wala siku ya kuupokea Mwenge, ambapo wimbo mmoja umekaririwa wiki nzima. Waombe waimbe wimbo wa taifa kwa sauti nne, bila chombo. Kila mtoto anaujua, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Tena una haki yake hapo: sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya, aliyeandika nyimbo zake kwa solfa. Solfa hiyo ilienezwa na John Curwen, mchungaji Mwingereza wa kanisa lilelile lililokuwa nguzo ya Chama cha Misheni cha London, ambacho watu wake walifika Ujiji mwaka 1878, mwaka mmoja kabla ya Mapadre Weupe. Hadi leo mwalimu huiandika ubaoni kwa chaki, na mtoto asiyewahi kuona kinanda anaisoma.

Kisha sikiliza maneno, na hapo ndipo ninapokuwa mkali. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini nyimbo nyingi zilizofika na wamisionari zililazimishwa ndani ya sauti za Ulaya, na mkazo ukaangukia popote. Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, na Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua mlango wa lugha za watu katika ibada. Mtunzi wa leo anayekaza silabi ya mwisho ya kila neno hana wa kumsingizia. Mwalimu aliyerithi wimbo wa namna hiyo anaweza kuuponya kwa kuilegeza nota, na wapo wanaofanya hivyo bila kutangaza. Ujiji wana mahali pa kujifunzia: mwalimu wa madrasa hamruhusu mtoto kupita na herufi iliyotoka mahali pasipo pake, na kaswida ya watoto wake utaielewa kutoka ng'ambo ya barabara. Kwaya ngapi zinaweza kusema hivyo?

Mwisho, uliza faili. Walimu wa serikali huhamishwa; leo yuko Ujiji, kesho Kakonko. Kama nyimbo zote zimo kwenye simu yake, kwaya itaondoka naye. Kama lipo sanduku la karatasi za solfa, zenye masahihisho ya kalamu na alama za pumzi, na msichana wa sauti ya pili anajua kila wimbo uko wapi na unaanza na nota gani, mwalimu mpya atakuta kwaya.