Mkanda Usiotiwa Mafuta

Ukiitazama kwa makini baiskeli inayokwenda kwa mkanda badala ya mnyororo, utaona katika fremu yake, karibu na mahali inapokaa ekseli ya gurudumu la nyuma, jambo ambalo baiskeli nyingine hazina: bomba la fremu limekatwa likawa vipande viwili, kisha vipande hivyo vikaunganishwa tena kwa parafujo, hata mtu asiyejua akadhani kuwa chombo kile kilivunjika zamani na kutibiwa na fundi hodari. Walakini hapana kilichovunjika. Mkanda ni duara kamili lisilo na kiungo, haufunguliwi wala hauungwi, na kwa kuwa pembetatu ya nyuma ya fremu nayo imefungwa pande zote, hapana njia ya kuupitisha mkanda humo ila fremu yenyewe ipasuliwe. Kuikata fremu pale pale panapobeba uzito wa mpandaji na mkazo wa mguu wake, kisha kuifunga isitikisike hata kidogo, ni ustadi ambao kwa maoni yangu haujapata sifa unazostahili, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Insafu inatudai tuanze kwa mnyororo, maana si adili kuutukuza mkanda kwa kuudhulumu uliotangulia. Kabla ya mnyororo mpanda baiskeli alikanyaga pedeli zilizofungwa katika gurudumu la mbele lenyewe, na aliyetaka mwendo wa kasi hakuwa na hila ila kutafuta gurudumu kubwa zaidi, akaketi juu ya chombo kirefu ambacho jiwe dogo la njiani lilitosha kumtupa kichwa chini. Mwaka 1880 Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi wa mnyororo wenye vigurudumu vidogo vinavyozunguka juu ya mirija ya chuma. Na mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli yake ya Rover, yenye mnyororo uendao gurudumu la nyuma, ambayo umbo lake twaliona bado katika baiskeli za leo. Miguu ya mpandaji ikawa karibu na ardhi, na roho yake ikawa salama. Hiyo ni ihsani kubwa, wala haipasi kusahauliwa.

Lakini deni la mnyororo humwangukia mpandaji. Mnyororo mmoja una pingili mia na zaidi, kila pingili nusu inchi, na katika kila pingili mna pini, mrija na kigurudumu visuguanavyo mchana kutwa. Mafuta yanayoulainisha ndiyo hayo hayo yanayonasa vumbi na mchanga, na mchanga uliochanganyika na mafuta huila chuma polepole, hata pini zikakonda na mnyororo ukauzidi urefu wake wa asili. Na ukishauzidi kwa sehemu moja katika mia, hugeuka kuyatafuna meno ya magurudumu yanayoupokea. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili zaidi ya wengine, kwa sababu upepo wa bahari huleta chumvi pamoja na mchanga, na baiskeli iliyoachwa nje masika moja huingiwa na kutu hadi ndani ya viungo vyake. Na ni nani miongoni mwa wavaa kanzu asiyelijua doa jeusi la pindo la upande wa kulia, lisilotoka kwa sabuni wala kwa jua?

Mkanda wenyewe si jambo geni. Pikipiki nyingi za mwanzo wa karne ya ishirini ziliendeshwa kwa mikanda ya ngozi, na mvua iliponyesha ngozi ililowa, mkanda ukateleza, na injini ikanguruma bure. Mnyororo ukashinda, na ulistahili kushinda. Kilichokosekana wakati ule kilikuwa ni meno ya kushikia na maada ya kutengenezea. John Gates wa Denver, Marekani, alibuni mwaka 1917 mkanda wa mpira wenye umbo la herufi V, ukawa baraka kwa mitambo ya kila namna. Baadaye ukaja mkanda wa meno, unaoshika gurudumu lake bila kuteleza. Harley-Davidson, waliokuwa wameuacha mkanda wa ngozi, waliurudia mkanda, safari hii wenye meno, katika pikipiki yao ya Sturgis ya mwaka 1980. Bridgestone ya Japani ikauza baiskeli za mkanda katika miaka ya 1980. Kisha, muongo wa kwanza wa karne hii ukielekea kwisha, kampuni ya Gates ikaleta mkanda wa baiskeli ulio na nyuzi za kaboni ndani ya mwili wa poliyurethani, meno yake yakipishana kwa milimita 11. Mkanda huo hauhitaji tone la mafuta, haushiki kutu, haupigi kelele, na ukichafuka huoshwa kwa maji matupu.

Nyuzi za kaboni hazirefuki, na katika fadhila hiyo ndimo ilimo taabu yote ya mtengenezaji. Mpandaji anaposimama juu ya pedeli kukipanda kilima, mikono ya nyuma ya fremu hupinda kidogo. Mnyororo haujali, lakini mkanda hulegea nukta ile, jino likaruka jino kwa mshindo, na nyuzi za ndani huenda zikakatika bila jicho kuona. Kwa hiyo fremu sharti iwe ngumu kuliko desturi, na iwe ngumu hasa pale ilipokatwa. Fauka ya hayo, mnyororo hukubali kupinda upande, lakini mkanda hutaka magurudumu yake mawili ya meno yawe katika mstari mmoja barabara. Magurudumu ya kwanza yalijengewa kuta pembeni ili mkanda usitoroke, nazo kuta zikakusanya tope. Ndipo mafundi wakazing'oa wakaweka ukingo mwembamba katikati ya gurudumu na mfuo katikati ya mkanda, tope likapata pa kutokea. Sijui kama mtu anaweza kuutazama ukingo ule mdogo asiione nyuma yake akili ya mtu aliyekataa kuridhika.

Na kwa kuwa mkanda haupunguzwi pingili, fundi hawezi kujenga kwanza akapima baadaye. Idadi ya meno ya mbele, idadi ya meno ya nyuma, urefu wa mkanda na masafa baina ya ekseli mbili ni hesabu moja, nayo hukamilishwa kabla bomba la kwanza halijakatwa. Kisha huja kukaza. Fundi huudonoa mkanda kwa kidole na kuusikiliza, kama mpiga udi anavyousikiliza uzi kabla ya taarabu kuanza, naye huupima mlio ule kwa idadi ya mitetemo katika sekunde, akisogeza ekseli kwa upole mpaka sauti itimie: ukilegea utaruka meno, ukikazwa mno utaziumiza bearingi na kuila nguvu ya mpandaji. Mnyororo humsamehe mtengenezaji na kumtwika mpandaji. Mkanda humsamehe mpandaji na kumtwika mtengenezaji, na mimi namtukuza fundi aliyekubali kutwikwa, akafanya mara moja karakanani kazi ambayo maelfu ya watu wangeifanya kila wiki kwa vitambaa na mafuta.

Gia nazo zilibidi zihame, maana mkanda hauwezi kurushwa kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine. Zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kama ile ya Rohloff ya Ujerumani iliyotoka mwaka 1998 na yenye gia 14, au ndani ya kisanduku kilicho baina ya pedeli, kama zile za Pinion, Wajerumani vilevile.

Pamoja na mapenzi yangu yote kwa mkanda, sitamshauri kila mtu aununue. Mnyororo safi uliotiwa mafuta vema hupoteza nguvu kidogo kuliko mkanda mtu anapokwenda taratibu, na bei yake ni nyepesi. Zaidi ya hayo, mnyororo ukikatika kijijini, fundi aliyeketi chini ya mwembe ataung'oa pini kwa msumari na nyundo, atatoa pingili mbovu, na msafiri ataondoka kabla jua halijatua; mkanda ukikatika hapo, hapana nyundo itakayoufaa. Auchukuaye mbali na maduka na achukue wa akiba, wa urefu ule ule hasa, aukunje kwa mzingo mpana kama ulivyotoka dukani, asiupinde wala kuusokota, na siku ya kuuvisha asiusukume kwa bisibisi, bali afungue fremu mahali fundi alipomwekea njia.