Nyumba za Kumsitiri Maiti katika Njia ya Misafara

Mwanafunzi wa ujenzi atokaye Kanyenye, mjini Tabora, akitafuta makanisa madogo ya makaburini kama yale ya Ulaya, huenda akarudi akisema kwamba njia kuu ya misafara haikuwa na ujenzi wa namna hiyo. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kazi ya jengo kama hilo ni kumsitiri maiti kwa heshima baina ya kufa na kuzikwa, na kazi hiyo ilifanywa katika njia hii.

David Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao walijenga kibanda imara kisicho na paa, wakakizungushia boma. Kila sehemu yake ilikuwa na sababu: uwazi wa juu uliingiza jua la kuukausha mwili uliotiwa chumvi, nalo boma liliwazuia wanyama. Baada ya siku 14 waliufunga mwili ndani ya gome la mti na kitambaa cha tanga, wakautundika katika mpiko.

Oktoba mwaka ule walifika Kwihara, nje ya Tabora, kwenye tembe alilokaa Livingstone pamoja na Stanley. Nyumba hiyo ya kuta nene za udongo ilijengwa kwa biashara. Sasa ikampokea maiti. Luteni Cameron alishauri azikwe huko, wachukuzi wakakataa. Walipofika Kasekera wenyeji hawakutaka maiti apite. Basi mwili ukafungwa upya, ukafanana na mtumba wa nguo. Jengo lililoanza kwa miti likaishia kuwa mzigo begani.

Februari 1874 mwili uliwekwa katika kanisa la misheni Bagamoyo. Leo mnara wake waitwa kwa jina la Livingstone, na tembe la Kwihara ni makumbusho. Vyote viwili vyastahili kutunzwa. Lakini nyumba njema si mlango. Katika nyumba hizi tatu, kile kibanda kisichobaki ndicho pekee kilichojengwa kwa ajili ya maiti, na waliokijenga hukumbukwa kuwa wachukuzi tu. Historia ya ujenzi isiyowahesabu miongoni mwa wajenzi ina pengo, wala mawe ya mnara hayalizibi.