Inua Kiti Kwanza Ndipo Usifu

Kuna Boxer moja kwenye steji ya Kebirigo ambayo vijana huizunguka kila jioni na kuipiga picha. Ina taa chini ya tangi, taa kwenye spoki, taa ya buluu mbele, indiketa zinazokimbizana na honi ya sauti tatu. Steji imeshaamua kwamba aliyeifunga ndiye fundi bora wa stima katika Nyamira nzima.

Mimi nimeinua kiti cha pikipiki hiyo. Viungo vimesokotwa kwa vidole na kuviringishiwa tepu. Fyuzi ilikufa zamani, mahali pake pana nyuzi za shaba. Rilei inaning'inia na kugonga betri kila tairi inapoingia shimoni, na barabara zetu za kwenda vituo vya majani chai ni mashimo yaliyounganishwa na vipande vya barabara. Kazi hiyo imelipiwa pesa nzuri na bado inasifiwa. Haya basi, tuelezane.

Mwanga si kipimo, maana mwanga unanunuliwa dukani. Tena mara nyingi taa inayowaka kupita kiasi ni mgonjwa mwenye homa. Anayefunga LED kwa hesabu ya volti 12 hajui pikipiki: injini ikishika mwendo, rigelata nzima hutoa volti 14 na kitu. Chukua LED nyeupe tatu zilizofuatana. Zenyewe hula karibu volti 9.6. Kwa volti 12 utaona zimebaki 2.4, utaweka rezista ya omu 120 ili zipite miliampea 20, nawe utajiona msomi. Barabarani volti zinapanda hadi 14.4, rezista inabebeshwa 4.8, na LED zinapitisha miliampea 40, maradufu ya ulichokusudia. Ndizo hizo watu wanazosema, "Tazama zinavyowaka!" Fundi anayejua angeweka omu 240, asipigiwe makofi na mtu, na taa zake zingemaliza msimu wa mvua.

Fyuzi sitaijadili. Asiyeweka fyuzi si fundi.

Sasa eathi, yaani njia ya stima kurudi kwenye betri. Hapa ndipo mtazamaji wa kawaida hukosa kila mara, kwa sababu macho yake hufuata waya mwekundu. Waya mwekundu kila mtu huufunga vizuri. Usipoufunga taa haiwaki na hulipwi. Eathi ukiifunga vibaya taa inawaka, unalipwa, unakwenda zako. Fundi wa haraka hutafuta boliti yoyote iliyo karibu na kubana waya juu ya rangi ya fremu. Taa ya nyuma hukaa kwenye madigadi yenye raba, na raba haipitishi kitu. Taa ya mbele hukaa kwenye plastiki, na stima yake ikitegemea fremu lazima ipite kwenye beringi za shingo, ndani ya grisi, kila unapokata kona.

Jaribio lake halihitaji kifaa. Kwenye pikipiki yenye balbu za nyuzi, washa indiketa, kisha kanyaga breki huku mwenzako akitazama nyuma. Indiketa ikibadili mwendo, au taa ya nyuma ikipepesa pamoja nayo, basi stima imekosa njia yake ya kurudi na inapita kwenye balbu ya jirani. Ukiwa na LED tupu ugonjwa hujificha zaidi: taa hufifia kidogo tu unapofunga breki, na mwenye pikipiki hulaumu betri.

Fundi niliyemheshimu kuliko wote alikuwa na kibanda Daraja Mbili, mjini Kisii. Alianza kwa kutengeneza redio, na risasi yake ilikuwa iking'aa kwenye kila kiungo. Ukimletea pikipiki hakugusa waya wowote kwanza. Aliwasha taa, akaweka mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye eathi ya taa, akakugeuzia mita usome mwenyewe. Ikisoma volti 0.05 alikurudishia ufunguo. Ikisoma 0.3 alichukua koleo na kukata bila kukuomba ruhusa. Kila taa aliipa waya wake wa kurudi, mnene sawa na ule wa kupeleka, na zote zilikutana mahali pamoja karibu na betri, chuma kikiwa kimekwanguliwa na kupakwa grisi.

Yupo na mwingine, sitasema wa wapi, aliyesikia kwamba wateja wameanza kuulizia eathi. Akaanza kufunga waya mweusi mnene, umebanwa kwa pete nzuri kwenye taa, unaingia ndani ya bomba la plastiki na kupotelea chini ya tangi. Nilifungua tangi la pikipiki moja aliyoifunga. Waya ulikuwa umekatwa pale pale na kuzibwa kwa tepu.

Rangi za waya nazo zina kanuni. Huko Ulaya na Marekani kuna wazee wanaofungia chipu ndani ya vichwa vya treni za kuchezea, kichwa kizima urefu wa kiganja. Amri hupita kwenye reli, chipu inaendesha mota na taa. Ni mchezo tu, lakini wana kanuni ya rangi: mwekundu reli ya kulia, mweusi reli ya kushoto, chungwa na kijivu ni mota, mweupe taa ya mbele, njano ya nyuma, buluu ni chanya ya taa zote. Na kabla ya lolote huhakikisha mota haigusi chasi, kwa sababu ikigusa chipu inaungua. Sisi tunaobeba abiria wawili na gunia usiku kwenye ukungu hutumia rangi iliyobaki mfukoni.

Mengine ni mafupi. Eathi iwe nyeusi, kijani ni ya nyumba. Tepu izungushwe kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie uliotangulia kama mabati, mvua ya alasiri isipate mlango. Taa ya mbele iwe nyeupe, ya nyuma nyekundu. Taa ya buluu kwenye pikipiki ni ushamba, na sijawahi kusikia hoja ya kunibadilisha. Zamani fundi alinuka moshi wa risasi; siku hizi ananuka gundi.

Kama pikipiki ina redio, washa Egesa FM na uvute mafuta. Ukisikia mluzi unaopanda pamoja na injini, kagua kwanza eathi ya redio, usikubali kuuziwa spika. Na siku ya kufungiwa taa usiende kunywa chai. Simama hapo, mwambie fundi akuonyeshe viungo kabla ya tepu. Akikataa, sukuma pikipiki yako nyumbani hata kama ni mlimani.