Pongezi kwa Wauza Kahawa wa Kishihiri

Sisi wa Mbinga tunaishi kwa kahawa. Ada za shule, bati la nyumba, hata mahari, hutoka kwenye arabika ya milima ya Umatengo. Hata hivyo, nyumbani wengi wetu hunywa chai. Ndiyo maana nawapongeza Washihiri, wahamiaji wa Kiarabu kutoka Hadhramaut, Yemen, waliokuwa mstari wa mbele kuizoesha pwani yetu kunywa kahawa.

Kwao Yemen, masufi wa karne ya 15 waliinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Washihiri walikuja kwa majahazi ya kaskazi, wengi wakiwa maskini. Unguja walibeba mizigo, waliuza maji na kahawa, wakala jasho lao.

Itazame kazi yenyewe: dele la shaba juu ya mkaa, kahawa chungu yenye tangawizi, kashata pembeni, na vikombe visivyo na mkono vikigonganishwa kuita wateja. Barazani tajiri na hamali hulipa bei ileile, wakabishana siasa na mpira. Ramadhani, baada ya tarawehe, ndipo biashara hukolea.

Leo wajukuu wao ni Waswahili wa kuzaliwa, Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama majirani zao, na dele limeshikwa na watu wa kila kabila. Hongereni sana. Nasi wakulima, Wakristo kwa Waislamu, tuuze kahawa yetu nje, lakini tubakize ya kunywa pamoja.