Giza la Kijivu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Shambani wana haki. Lakini jembe halikuamulii udongo wako uwe na rangi gani, na miwani ya uhalisia pepe inakuamulia. Ukishaivaa, kila unachokiona kimepita kwanza kwenye skrini na lenzi zake, wala hakuna upenyo wa kuchungulia pembeni ili ulinganishe. Kwa hiyo nimechukua wiki kadhaa kuchagua, na kwangu mimi uchaguzi huu ni kazi ya mhakiki kabla haujawa kazi ya mnunuzi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuivaa: ni kifaa kinachofungwa kichwani na kuziba macho yote mawili. Kila jicho linapewa picha yake, zinatofautiana kidogo, na ubongo unaziunganisha hadi unahisi umbali na kina. Kanuni hiyo ni ya zamani. Charles Wheatstone aliieleza mwaka 1838 kwa vioo na michoro. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, huko Marekani, akaifunga kichwani mwa mtu na kuiunganisha na kompyuta, picha ikawa inageuka kila kichwa kinapogeuka. Yaliyofuata ni ubishi mrefu kuhusu skrini gani na lenzi gani, na ubishi huo ndio niliojikuta ndani yake nikiwa na pesa ya kununua miwani moja tu.

Wauzaji wanakupa majedwali: pikseli ngapi, nyuzi ngapi za upana, picha ngapi kwa sekunde. Jedwali linasema kila miwani inakupa nini. Halina safu ya kusema inakunyima nini.

Tuanze na skrini. Mwaka 2016, miwani tatu zilizofungua zama hizi, yaani Oculus Rift, HTC Vive na PlayStation VR, zote zilitumia skrini za OLED. Katika OLED kila pikseli ni taa yake yenyewe. Panapotakiwa weusi, taa inazimwa au inabaki ikifukuta kidogo sana. Skrini za LCD zinafanya kazi kinyume. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na kazi ya pikseli ni kuuziba mwanga huo kama pazia. Hakuna pazia lisilovujisha. Weusi wa LCD, hasa machoni mwa mtu aliyefungiwa gizani, ni kijivu.

Hata hivyo soko lilihamia LCD. Quest ya mwaka 2019 ilikuwa na OLED, pikseli 1440 kwa 1600 kila jicho. Quest 2 iliyofuata mwaka 2020 ikaja na LCD, pikseli 1832 kwa 1920. LCD ni nafuu, na pikseli zake zimejaa: kila moja ina vijipande vitatu vya rangi, wakati OLED ya Quest ya kwanza ilikuwa na viwili. Ukitazama mstari wa maandishi kwenye miwani ile ya zamani, unauona kana kwamba umejifunika chandarua. Kwenye LCD chandarua kinapungua sana. Basi umepewa herufi, umenyang'anywa usiku.

Kisha lenzi. Miwani nyingi za awali zilitumia lenzi za Fresnel, mtindo uliobuniwa na Mfaransa Augustin-Jean Fresnel kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Ya kwanza iliwashwa kwenye mnara wa Cordouan mwaka 1823. Badala ya kioo kinene, lenzi inakatwa miduara kama ngazi, ikabaki nyembamba na nyepesi. Mnarani kazi yake ni kutupa mwanga mbali baharini, na hakuna baharia anayelalamika kwamba kingo za miduara zinatawanya miale. Sentimita chache kutoka jichoni, kingo zilezile zinakuwa kero: maandishi meupe kwenye giza yanaota ndevu za mwanga, na picha ni safi katikati tu. Ukitaka kusoma kilicho pembeni unageuza kichwa kizima.

Quest 3 ya mwaka 2023 ilikuja na lenzi ambazo wahandisi wamezipa jina la chapati za maji kwa wembamba wake. Ndani yake mwanga unapigwa huku na huku kabla ya kutoka, hivyo njia ndefu inakunjwa katika nafasi fupi. Picha ni safi karibu hadi ukingoni, na macho yanatembea yenyewe bila kuburuta shingo. Gharama yake ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga inapotea katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, kwa hiyo lenzi hizi zinadai skrini kali. LCD yenye taa kubwa nyuma inaweza kukidhi dai hilo kwa bei ya kawaida.

Hapo ndipo mnunuzi anapobanwa. PlayStation VR2, nayo ya mwaka 2023, ina OLED, pikseli 2000 kwa 2040 kila jicho, lakini imebaki na Fresnel. Quest 3 ina lenzi mpya na pikseli 2064 kwa 2208, lakini ni LCD. Mmoja amechukua usiku, mwingine amechukua uwazi. Ukitaka vyote viwili, panda ngazi: Bigscreen Beyond ilitangazwa kwa dola 999 bila vidhibiti vya mkononi, na Apple Vision Pro ilianza kuuzwa mwaka 2024 kwa dola 3,499. Quest 3 ilitoka kwa dola 499. Kwangu mimi ngazi inaishia hapo.

Rafiki yangu aliniazima Quest yake ya mwaka 2019; mwingine aliniachia Quest 3 kwa siku chache. Badala ya kupima kwa michezo ya kurusha risasi, nilichukua kazi moja na kuitazama kwa zote mbili. Kazi hiyo ni Notes on Blindness ya mwaka 2016, iliyotokana na kaseti za John Hull, mwalimu wa theolojia huko Birmingham. Alipoteza uwezo wa kuona mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kuanzia mwaka 1983 akawa anarekodi shajara yake kwa sauti. Katika toleo la uhalisia pepe uko bustanini na huoni kitu. Hatua za mtu zinapita, na zinapopita nukta za mwanga wa buluu zinamchora. Akitulia, anatoweka. Upepo ukivuma, miti inakuwepo. Kisichotoa sauti hakipo.

Kwa miwani ya zamani, giza halikuwa na ukuta. Sikujua skrini inaishia wapi, na nukta zilizaliwa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Chandarua nilikiona, lakini pale tu palipokuwa na mwanga. Kwa Quest 3 nukta zilikuwa kali na safi hata pembeni, na sauti ya Hull ilikuwa ileile. Ila nyuma ya kila nukta palikuwa na ukungu wa kijivu, kama chumba cha mchana kilichofungwa mapazia. Mtu alipotulia na kutoweka, hakurudi kwenye utupu. Alibaki nyuma ya pazia. Kazi inayosema kisicho na sauti hakipo ilikuwa inanionyesha, saa yote, kitu kisicho na sauti kilichopo.

Kama ningeandika uhakiki kwa kuitazama kwa Quest 3 peke yake, ningesema watunzi wamechora giza dhaifu. Wangekuwa wamehukumiwa kwa kosa la pazia.

Hapo uamuzi ungekuwa mwepesi: tafuta OLED. Lakini ninaye mjomba, Tanga, ambaye presha ya macho ilimchukua uoni wote miaka tisa iliyopita. Nilimpigia nikamsimulia bustani ya Hull, akaipenda. Alisema mvua ndiyo inayomwonyesha paa la jirani. Kisha nikamuuliza giza lake yeye likoje, ni jeusi kabisa au lina ukungu.

"Giza ni la mwenye macho, mjomba," akanijibu. Tunaitana hivyo pande zote mbili. "Hebu niambie, kisogo chako kinaona nini?"

Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Kisogo changu hakioni weusi. Hakioni. Kwa kipimo cha mjomba, OLED haiko karibu na upofu kuliko LCD hata kwa unywele. Zote mbili ziko upande wa wenye macho. Tangu mwongozaji Chris Milk aliposimama jukwaani mwaka 2015 na kuuita uhalisia pepe mashine kuu ya kuhisi ya mwenzako, wauzaji wametufundisha kuamini kwamba kila pikseli inayoongezwa inatusogeza ndani ya maisha ya mtu mwingine. Haitusogezi. Giza la Notes on Blindness ni kama giza la ukumbi kabla taa za jukwaa hazijawashwa: makubaliano kati ya mtunzi na mtazamaji. Ukumbi ukiwa na dirisha linalovuja, mchezo unaumia, na mtazamaji ana haki ya kulalamika. Ila asidai kwamba dirisha likizibwa atakuwa amekuwa kipofu.

Kuna kazi nyingine ambazo hazihitaji giza kabisa, zinahitaji nyuso. Let This Be a Warning, ya kundi la The Nest Collective la Nairobi, ni ya mwaka 2017: Waafrika wamehama dunia wakaanzisha makao yao mbali, na mgeni amefika bila kualikwa. Mgeni huyo ni wewe. Wanakutazama, na uzito wote wa kazi uko katika kutazamwa huko. Uso mweusi kwenye mwanga hafifu unakaa kwenye ngazi za chini za rangi, juu kidogo ya weusi, na ngazi hizo ndizo zilizozisumbua skrini za OLED za miwani za awali: pikseli iliyozimwa inachelewa kuamka, kivuli kinaacha mkia kichwa kinapogeuka, na panapotakiwa rangi tulivu panatokea madoadoa. LCD inainua ngazi zote kwa ule uvujaji wake, hivyo shavu na kivuli cha shavu vinakaribiana, lakini vinatulia. Mbele ya nyuso hizi, mimi nitachukua utulivu.

Na hapa wingi wa pikseli unasaidia kidogo kuliko tunavyoahidiwa. Piga hesabu. Video ya mzunguko yenye pikseli 3,840 inazitandaza kwenye nyuzi 360, yaani chini kidogo ya 11 kwa kila nyuzi. Quest 3 ina uwezo wa kuonyesha takriban 25 kwa nyuzi, na jicho zima linaweza kutambua karibu 60. Miwani ya bei ya gari haiwezi kuzaa alama za uso ambazo kamera haikuzichukua. Itakuonyesha ukungu wa video kwa uaminifu mkubwa zaidi, basi.

Nimechagua Quest 3. Sababu ya mwisho haiko kwenye picha. Miwani yangu haitavaliwa na mimi peke yangu. Itavaliwa na mke wangu, na binti yetu wa miaka kumi na minne, na kila jirani atakayesikia. Umbali kati ya mboni za macho unatofautiana, wastani kwa watu wazima ni kama milimita 63, na lenzi zisipokaa mbele ya mboni picha inafifia na kichwa kinauma. Quest 2 ilikuwa na vituo vitatu tu, 58, 63 na 68, na Quest 3S ya mwaka 2024, iliyo nafuu zaidi, imerudia vituo hivyohivyo pamoja na lenzi za Fresnel. Quest 3 ina gurudumu linalotembea taratibu, kwa macho ya kuanzia 53 hadi 75. Ile ya OLED ya mwaka 2019, ambayo giza lake nimelisifu, kampuni yake imeacha kuihudumia. Giza zuri ambalo siku moja halitawaka ni hasara ya aina nyingine.

Kwa hiyo nitaishi na usiku wa kijivu, nikijua ni wa nani. Ninachodai kwa wenzangu tunaoandika kuhusu kazi hizi ni kidogo: tutaje miwani tuliyovaa. Anayehakiki riwaya aliyoisoma kwa tafsiri anamtaja mtafsiri, maana huenda sentensi anayoilaumu si ya mtunzi. Skrini na lenzi nazo ni watafsiri, na kila mmoja ana neno ambalo hawezi kulitamka. Langu sasa ni weusi. Nitakapoandika kwamba kazi fulani ina usiku hafifu, nitaandika pia nilipitia dirisha lipi kuutazama.