Kwa nini 'kaptula la Marx' na si 'kaptula ya Marx'?

"Ati gwiji kama Kezilahabi hajui ngeli?" Mwalimu mmoja wa sekondari aliniuliza hivyo mjini Lodwar, katika kikao cha walimu wa fasihi, na wenzake wakaangua kicheko. Mkononi alikuwa na nakala chakavu ya tamthilia Kaptula la Marx. "Prof, mimi mwanafunzi akiniandikia 'kaptula la' namkata alama."

Usimkate kabla ya kumuuliza anachokusudia, nilimjibu. Kaptula kwa kawaida ni ya ngeli ya I-ZI. Ukiipeleka LI-YA, unaikuza na kuidunisha kwa pigo moja, kama tunavyofanya kwa jibwa na gombe. Kezilahabi hakuigusa nomino yenyewe. Alibadilisha herufi moja tu katika a-unganifu, na tayari tunaliona vazi linalompwaya anayelivaa. Anayelivaa ni Rais Kapera, mwenye ndoto ya kuifikisha nchi yake kwenye Usawa kwa nguo ya kuazima. Vichekesho vya majina haviishii hapo. Kuna mhusika aitwaye Korodani, jina ambalo walimu wengine hulisoma haraka haraka wakitazama dirishani. Si lazima kuona haya: korodani ni kapi pia, kigurudumu cha kuvutia kamba. Maana zote mbili zinafanya kazi mchezoni.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika tamthilia hii mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilichapishwa mwaka wa 1999, mwaka uleule aliofariki Julius Nyerere, na hakuna msomaji asiyemwona Mwalimu nyuma ya Kapera. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), mwenye hekima, Karama, husimama kizimbani akimhutubia mfalme. Kezilahabi anauliza swali gumu zaidi: itakuwaje mwenye fikra akikalia kiti chenyewe?

Kwa maoni yangu, jibu lake linachekesha kuliko linavyotosheleza. Nyerere hakuazima kaptula kwa Marx. Katika andiko lake la ujamaa la mwaka wa 1962 aliukataa msingi wa vita vya kitabaka, akadai kwamba ujamaa wake unatokana na udugu wa jadi. Mwaka wa 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliketi akaandika tathmini yake mwenyewe, akakiri waziwazi mengi yaliyokwama. Kapera hapewi nafasi ya namna hiyo. Hatumwoni akibishana na nafsi yake usiku. Basi tunabaki na rais wa kuchekwa pale ambapo historia ilitupa rais wa kusikitikiwa: mtu aliyefikiri sana, kisha serikali yake ikawahamishia watu vijijini kwa nguvu. Msiba huo ungekuwa tamthilia nzito zaidi. Walakini namwelewa Kezilahabi. Kejeli ilikuwa silaha iliyokuwa karibu.

Walimu wa Lodwar hawakukubali tumzungumzie jirani peke yake, na walikuwa na haki. Mji wao una rais wake mwanazuoni. Jomo Kenyatta, aliyesoma anthropolojia London chini ya Malinowski na kuchapisha Facing Mount Kenya mwaka wa 1938, aliletwa Lodwar mwaka wa 1959 baada ya kifungo cha Lokitaung, akazuiliwa hapa hadi alipohamishiwa Maralal mwaka wa 1961. "Sisi tunamjua mwenye fikra akiwa mfungwa kwanza," mmoja alisema. Kweli. Lakini chini ya serikali yake Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka wa 1969 kwa kijikaratasi alichoandika, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini siku ya mwisho ya 1977. Nani atatuandikia tamthilia hiyo kwa Kiswahili? Sisi Wakenya tunaucheka ujamaa kwa raha sana, lakini kuhusu nyumba ile ya Lodwar tunanyamaza.

Siku mbili baadaye nilikuwa Kakuma. Huko nilisoma vipande vya tamthilia mbele ya vijana na watu wazima, Kiswahili cha Kongo, cha Burundi na cha Nairobi kikipigana vikumbo. Walicheka pale pale walipocheka wa Lodwar. Isipokuwa mama mmoja Mrundi aliyeketi nyuma. Alinyanyua mkono taratibu.

"Mzee," akasema kwa Kiswahili safi cha Tabora, "mimi nilizaliwa Ulyankulu. Wazazi wangu walikimbia mwaka wa 72, wakapewa shamba, wakapewa jembe. Huyo mnayemcheka ndiye aliyewapokea. Humo kitabuni hayumo?"

Nilimwambia hayumo. Ningeweza kumtajia Tuzo ya Nansen ambayo Nyerere alipewa mwaka wa 1983 kwa ajili ya wakimbizi, nikaona ningemwambia kwa kirefu jambo analolijua kuliko mimi. Kijana aliyekaa kando yake akamwuliza kama wazazi wake walichagua wenyewe mahali pa kulima. Akafikiri. "Hapana," akajibu, "tulionyeshwa."

Nimemwachia ile nakala yangu. Aliomba aisome mwenyewe kwanza, halafu ndipo aniambie kama Kapera ni mtu aliyewahi kumwona.